Kumuuguza mzee nyumbani: usimfanyie kila kitu

Mi ni nesi, na kwenye kutembelea wazee majumbani kitu nnachokiona sana ni watu kumpenda mzee mpaka wanammaliza. Bibi kaletwa mjini kwa mwanae, anaambiwa mama we kaa tu usishike chochote, chai analetewa, kuoga anaogeshwa, viatu anavalishwa, baada ya miezi kadhaa hata kunyanyuka kwenye kochi anataka mkono afu wote mnasema uzee huo. Sio uzee wote jamani. Msuli usiotumika unaisha, na kwa mtu wa miaka 70 unaisha haraka kuliko wako na kuurudisha ni shughuli. Kwahiyo kazi yako kubwa ni kulinda kile anachokiweza bado, sio kusubiri augue ndo uanze kukimbia.

Anza na miguu. Chukua kiti kigumu, sio kochi, kiegemeze ukutani, mwambie akunje mikono kifuani asimame na kukaa mara 5 mfululizo, we uko pembeni yake simu inahesabu. Akizidi sekunde 15, au asipoweza bila kushika, ujue hatari ya kuanguka ipo. Na zoezi lake ndo hilohilo, asubuhi na jioni mara chache, kwanza akishika meza, taratibu aache kushika. Shirika la Afya Duniani linasema wa miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujibalansi siku 3 au zaidi kwa wiki, sasa hiyo haihitaji jim. Apande vile vingazi vya mlangoni, achambue mchele, afunge vifungo vya shati mwenyewe hata kama mnachelewa kanisani. Ila kama kifua kinambana, anahema sana au alishavunjika, daktari au mtu wa fizio, yani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, amwone kwanza.

Akiamka asinyanyuke moja kwa moja. Wazee wengi presha inashuka ghafla wakisimama, hasa walio kwenye dawa, kwahiyo akae ukingoni mwa kitanda dakika 1 au 2, achezeshe nyayo, ndo asimame.

Choo sasa. Hapa ndo wazee wengi wanaangukia na hapa ndo watu hawataki kutoa hela, tailizi zinang'aa, maji yametapakaa, ndala soli imeisha, ndoo katikati ya njia. Mwite fundi wa kuchomelea akukatie bomba la kushikia alifunge ukutani pale mzee anapofikia kwa mkono, choo kama ni cha kuchuchumaa tengenezeni kiti kilichotobolewa katikati, taa iwake usiku na tochi iwe karibu na mto maana umeme unaujua. Komeo la ndani toa, akianguka muweze kuingia. Na kama anameza dawa ya kukojoza jioni, muulizeni daktari kama inaweza kuhamia asubuhi, maana safari za gizani ndo zinavunja nyonga.

Nimetanguliza choo kabla ya maji kwa sababu wazee wengine wanajinyima maji makusudi wakiogopa kwenda chooni. Kiu yenyewe pia inapungua umri ukienda, kwahiyo usimuulize una kiu, mpe kikombe kila mnapokaa kupiga stori. Kwenye chakula unakuta asubuhi chai na mkate, mchana uji, usiku uji, afu mnasema anakula vizuri. Mzee anahitaji protini kama gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake, yani wa kilo 60 ni gramu 60 mpaka 72 kwa siku, na yai moja lina kama gramu 6 tu, piga hesabu mwenyewe. Dagaa wa kusaga kwenye mboga, maharage, mtindi, samaki. Mwenye ugonjwa wa figo hesabu yake ni tofauti, aulizie kliniki.

Siku moja mwaga mfuko wake wa dawa mezani. Utakuta dawa ya presha ya aina moja kwenye maboksi mawili ya majina tofauti, vidonge alivyopewa na shoga yake, na daiklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti anayonunua dukani anameza kila siku wakati inapandisha presha na inaumiza figo na tumbo. Za daktari usizikate mwenyewe, beba mfuko wote kama ulivyo uende nao kliniki.

Akiwa haitiki au anajibu vitu vingine msiseme ni usahaulifu wa uzee, macho na masikio yaangaliwe, mtoto wa jicho anafanyiwa upasuaji na nta ya masikio inatolewa. Na asikae mpweke, babu aliyekuwa na kijiwe chake cha bao arudi kijiweni.

Ila jana alikuwa sawa, leo anaongea visivyoeleweka au analala kutwa nzima, huko sio kuzeeka na wala hajarogwa. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo au kifua, sukari imeshuka, maji yamepungua mwilini, au dawa. Hospitali siku hiyohiyo. Kwa Tanzania hospitali nyingi za serikali zina dirisha la wazee kwa miaka 60 na kuendelea, bebeni kitambulisho. Na aingie kwa daktari na yule anayeshinda naye, mara nyingi ni dada wa kazi, yeye ndo anajua usiku kakojoa mara ngapi, we wa ofisini subiri nje ukalipie.