Homa Isiyopona: Namna Daktari Anavyofikia Jina la Ugonjwa na Namna ya Kumsaidia Asikosee

Shangazi yangu, mfugaji wa mbuzi kaskazini mwa Tanzania, aliumwa homa kwa wiki saba. Katika muda huo alipita zahanati moja na vituo viwili vya afya, akaandikiwa dawa mseto za malaria mara mbili na dawa za taifodi mara moja, na kila alipomaliza dozi homa ilitulia siku chache, kisha ikarudi jioni pamoja na jasho la kulowesha shuka. Mara ya nne nilimsindikiza mwenyewe. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana. Alimwamkia, akapokea cheti tulichokuja nacho, akakitazama kidogo, kisha akakilaza kifudifudi juu ya meza na kusema, "Mama, hebu nisimulie tangu siku ya kwanza, kana kwamba hujawahi kutibiwa popote." Shangazi alipofika kwenye maumivu ya kiuno na magoti, daktari aliweka kalamu chini, akauliza kama anafuga, na kama kuna mnyama aliyetupa mimba mwaka huo. Walikuwa mbuzi watatu, na shangazi ndiye aliyewazalisha kwa mikono mitupu. Damu ilipelekwa maabara, ikabainika kuwa ni bruselosisi, ugonjwa uleule ambao kwa mifugo huitwa ugonjwa wa kutupa mimba. Alitumia dawa kwa wiki sita, akapona.

Habari ya wale mbuzi ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeiuliza, na sisi hatukuitoa kwa sababu hatukujua kwamba ina thamani. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu anayejiandaa kwenda hospitali au kumpeleka mgonjwa, ili aelewe kinachoendelea kichwani mwa daktari anayemsikiliza, ajue ni wapi fikra hizo huteleza, na ajue aseme nini hapo zinapoteleza.

Jina la ugonjwa huanza kama dhana

Watu wengi hudhani kwamba daktari hukusanya dalili zote kwanza, akaagiza vipimo, na vipimo vikamwambia ugonjwa. Mambo hayaendi hivyo. Dhana za kwanza huzaliwa katika dakika chache za mwanzo, wakati mgonjwa bado anaongea, na maswali yote yanayofuata huulizwa ili kuziimarisha au kuziondoa dhana hizo. Ndiyo maana maelezo ya mgonjwa yana uzito kuliko wengi wanavyofikiri. Mwaka 1975 madaktari nchini Uingereza walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wapya 80 wa kliniki, wakaona kwamba kwa wagonjwa 66 utambuzi sahihi ulikuwa umefikiwa kwa barua ya rufaa na maelezo ya mgonjwa peke yake, kabla ya kumpima mwili wala kwenda maabara. Mashine zimeongezeka sana tangu hapo, lakini kipimo bado huagizwa na mtu, na mtu huyo huagiza kile tu alichokidhania.

Dhana hizo huja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya haraka, na huja kwa kutambua sura: daktari mzoefu akiona malengelenge yaliyojipanga upande mmoja wa kifua hahitaji kutafakari ndipo aseme ni mkanda wa jeshi, kama wewe usivyohitaji kutafakari kumtambua jirani yako sokoni. Njia ya pili ni ya polepole: kuorodhesha magonjwa yanayoweza kuleta dalili hizi, kupima lipi lina uwezekano zaidi kwa mtu wa umri huu anayeishi mahali hapa, na kujiuliza lipi ni la hatari kiasi kwamba lisipoangaliwa leo mgonjwa anaweza kufa. Njia ya haraka si uvivu. Bila hiyo hakuna daktari angeweza kuwahudumia wagonjwa sitini kwa siku. Shida huja pale sura inapofanana na ya ugonjwa mmoja ilhali ni ya mwingine, na hakuna ugonjwa unaofananisha sura kwetu kama homa.

Homa na mazoea ya kusema malaria

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ukiwafuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa kwa malaria kali. Damu yao ilipochunguzwa upya kwa uangalifu, chini ya nusu walikutwa na vimelea vya malaria. Jambo zito zaidi ni kwamba vifo vilikuwa vingi zaidi, kwa uwiano, miongoni mwa wale ambao hawakuwa na vimelea, yaani watu waliokuwa na ugonjwa mwingine huku wakitibiwa malaria. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2013, ulichunguza wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali za Moshi. Madaktari waliandika malaria kwa wagonjwa 528, lakini waliokuwa na malaria kweli ni 14 tu. Miongoni mwa waliochunguzwa kwa magonjwa yanayotoka kwa wanyama, zaidi ya robo walikuwa nayo: bruselosisi, homa ya Q, homa za kupe, na leptospirosisi, ambayo Watanzania wengi waliifahamu kwa jina la homa ya mgunda ilipozuka mkoani Lindi mwaka 2022.

Sioni sababu ya kuwadharau madaktari wale. Mtu aliyesoma na kufanya kazi mahali ambapo kwa miaka mingi homa ilimaanisha malaria hujifunza kuiona malaria, na mgonjwa mwenyewe huketi akisema, "Daktari, nina malaria," hata kabla ya kuulizwa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kila anayeshukiwa malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe, na vipimo vya haraka vimefika hadi kwenye zahanati. Hata hivyo kipimo hakimalizi kazi ya kufikiri, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo.

Tuchukue mfano wa kipimo kizuri ambacho kati ya wagonjwa 100 wa malaria hukamata 95, na kati ya watu 100 wasio na malaria hukosea kwa 5. Twende mahali ambapo kati ya watu 1,000 wenye homa, 500 wana malaria. Kipimo kitawakamata 475 kwa haki na kuwasingizia 25, kwa hiyo ukiambiwa unayo, karibu hakika unayo. Sasa tupande nyanda za juu ambako kati ya watu 1,000 wenye homa ni 50 tu wenye malaria. Kipimo kilekile kitawakamata 47 au 48 kwa haki, lakini kati ya wale 950 wengine kitawasingizia 47 au 48 vilevile. Majibu ni yaleyale kwenye karatasi ileile, lakini hapa yanakaribia kuwa sawa na kurusha shilingi. Maana ya kipimo hutegemea uwezekano uliokuwapo kabla ya kupima, na uwezekano huo daktari huupata kwa kuuliza: unaishi wapi, ulisafiri lini, ulitibiwa malaria lini mara ya mwisho. Swali hilo la mwisho lina sababu yake. Aina inayotumika sana ya kipimo cha haraka hutafuta protini ya vimelea, na protini hiyo huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, hivyo aliyemaliza dozi majuzi anaweza kuonekana bado anaumwa malaria ilhali homa yake ya leo ni ya kitu kingine.

Mkasa kama huo hutokea kwa taifodi. Kipimo cha Widali, kilichoanzishwa na Mfaransa Fernand Widal mwaka 1896, hupima kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupambana na vijidudu, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya maambukizi ya zamani. Mahali ambapo taifodi ni ya kawaida, jibu moja la Widali halitoshi kusema kwamba homa ya leo ni taifodi. Kipimo cha kutegemewa zaidi ni kuotesha damu maabara, ingawa si kila mahali kinapatikana.

Pale fikra zinapoteleza

Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa visa 100 vya ugonjwa uliotambuliwa vibaya. Makosa ya kufikiri yalikuwamo katika visa 74 na kasoro za mfumo, kama majibu kuchelewa au kupotea, katika visa 65, maana mara nyingi mawili hayo yaliandamana. Ukosefu wa elimu ulikuwa nadra. Kosa la kufikiri lililoongoza ni lile la kuacha kutafuta baada ya kupata jibu la kwanza linaloridhisha. Kwa maoni yangu, mtu akielewa kosa hilo moja ameelewa sehemu kubwa ya jambo lote.

Jibu la kwanza likishapatikana hujijengea ngome. Daktari wa kwanza huandika "malaria" kwenye cheti, wa pili hulisoma neno hilo kabla ya kumwona mgonjwa, na kila dalili inayofuata hutafsiriwa kwa kulifuata: viungo vinauma kwa sababu ya malaria, jasho ni la malaria, na dawa isipofanya kazi basi malaria ni sugu. Kile kisicholingana husogezwa pembeni. Mambo mengine huongeza mteremko huo. Daktari aliyempoteza mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo wiki iliyopita ataiona kila mahali wiki hii. Vitendanishi vya maabara vikiisha, dhana haipati wa kuipinga, na saa tisa alasiri, baada ya foleni ya kutwa nzima, njia ya polepole ya kufikiri huwa imechoka.

Unachoweza kufanya

Kabla ya kutoka nyumbani, andika kwenye karatasi mfuatano wa ugonjwa kwa siku: ulianza lini, kilitangulia nini, homa hupanda saa ngapi, dawa gani zilitumiwa na kwa siku ngapi, zikiwamo za duka la dawa na za mitishamba. Usizifiche hizo za mitishamba kwa kuona haya. Ongeza yale ambayo hukudhani kuwa yanahusu ugonjwa: safari, mifugo, maziwa yasiyochemshwa, kulima kwenye maji au majaruba, panya ndani ya nyumba, mtu wa nyumbani mwenye kikohozi cha muda mrefu, mimba, na magonjwa ya ukoo kama selimundu. Tahadhari moja kabla ya yote hayo: kama mgonjwa ana degedege, amepoteza fahamu, anapumua kwa shida, anatapika kila kitu au shingo imekakamaa, acha karatasi na umwahishe hospitali.

Ukifika mbele ya daktari, eleza unavyojisikia badala ya kutaja jina la ugonjwa. "Nina homa kila jioni kwa wiki tatu na kiuno kinauma" humwacha daktari huru kufikiri, ilhali "malaria yangu imerudi" humfungia njia kabla hajaanza. Akishasema anachodhani, kuna maswali mawili ambayo yanaweza kuulizwa kwa adabu bila kumvunjia heshima. La kwanza ni, "Daktari, kuna ugonjwa gani mwingine unaoweza kuleta hali hii?" La pili ni, "Kuna jambo lolote katika niliyoeleza ambalo halilingani na ugonjwa huo?" Maswali hayo humrudisha mtu kwenye njia ya polepole, na sijawahi kuona daktari makini akichukizwa nayo. Jibu la kipimo likionyesha huna malaria, usimshinikize akuandikie dawa za malaria. Muulize hiyo homa inatoka wapi. Hili lina umuhimu hasa majira ya kidingapopo, yaani homa ya dengue, kama ilivyokuwa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, kwa kuwa mwenye kidingapopo akitumia aspirini au diklofenaki kutuliza maumivu huongeza hatari ya kuvuja damu.

Usiondoke bila kujua lini urudi na kwa ishara gani. Uliza, "Dawa hii ikifanya kazi nitaona nafuu siku ya ngapi?" Siku hiyo ikipita bila nafuu, hiyo ni habari ya kitabibu, nayo yafaa irudi kwa daktari. Wengi wetu tukikosa nafuu huhama kituo kimyakimya, na daktari wa kwanza hubaki akiamini kwamba alipatia, kwa hiyo hujifunza kosa kana kwamba ni usahihi. Ukirudi, usiseme tu kwamba dawa imeshindwa, bali eleza kilichobadilika: homa ilipungua kwa siku ngapi, dalili gani mpya imejitokeza, uzito umepunguaje. Usikatishe dozi kwa uamuzi wako, hata kama una shaka na jina la ugonjwa.

Ikibidi kumwona daktari mwingine, beba majibu yote ya maabara na vyeti vyote, kwa sababu tarehe na tarakimu zilizomo zina thamani. Lakini usimkabidhi mara tu unapoketi. Omba kwanza akusikilize tangu siku ya kwanza, kisha mpe karatasi, aone zinakubaliana wapi na maelezo yako na zinapishana wapi.