Ukibaki peke yako baharini

Chombo kikipinduka, usikiache. Ngalawa ni mti: ikijaa maji hulala usawa wa mawimbi lakini haizami, na anayekutafuta ataiona kabla ya kuona kichwa chako.

Mie niliiacha. Ilikuwa Julai, kusi kali, mrengu, mti wa ubavuni unaoizuia ngalawa isipinduke, ukakatika kaskazini ya Nungwi, ncha ya Unguja, kabla ya alfajiri. Taa za hoteli zilikuwa zinaonekana wazi, nikajua nusu saa nitakuwa pwani. Niliogelea mpaka mabega yakafa ganzi; kutazama, taa zimezidi kuwa ndogo. Mkondo pale unakwenda kaskazini, na mtu hashindani nao. Tanga jeupe ndilo lililonirudisha kwenye ngalawa.

Kama chombo kimezama, shika chochote kinachoelea. Meli ya Spice Islander ilipozama upande wetu huu Septemba 2011, wapo walionusurika kwa kung'ang'ania magodoro. Dumu tupu la lita 20 linambeba mtu mzima, alimradi mdomo umeziba. Langu kifuniko kilishapotea. Nilikata kipande cha ndara kwa kisu, kipana kidogo kuliko mdomo, nikakisokomeza kwa kiganja mpaka kikagoma. Kisha dumu kifuani, mshipi chini ya makwapa, na fundo la kufumuka kwa mvuto mmoja.

Nguo usivue. Usiku kunja magoti yafike kifuani na ubane mikono mbavuni, maana hata maji yetu ya vuguvugu hula joto la mwili polepole. Mchana chovya shati, ufunike kichwa na shingo.

Kiu itakutesa kuliko njaa. Maji ya bahari usiyanywe hata funda moja: lita ina chumvi gramu 35 hivi, na figo hutumia maji mengi kuliko uliyokunywa ili kuitoa. Mkojo vilevile. Mvua ikija tandaza tanga, iache kwanza ioshe chumvi, ndipo ukinge. Huna maji, basi samaki usile; kumsaga tumboni kunataka maji.

Sauti itunze mpaka usikie mashine karibu. Mie nilifunga shati jekundu kwenye kafi, nikalisimamisha. Alasiri ya siku ya pili wavuvi wa Makangale, kule ncha ya Pemba, waliliona wakadhani ni boya la jarife, wavu wa samaki wakubwa, wakaja kutazama. Walininywesha maji kwa kifuniko cha chupa, kidogo kidogo. Nawe ukiokota mtu, mnyweshe hivyo hivyo.