Kuondoa kutu kwenye fremu ya baiskeli katika hewa ya Mombasa

Anayelaza baiskeli yake barazani Tudor au Nyali, upepo wa bahari ukiipiga usiku kucha, ataona siku moja rangi imevimba kama lengelenge karibu na viungio vya fremu. Ukilibonyeza kwa ukucha, rangi hubanduka na chini yake humwagika unga wa hudhurungi. Kutu huhitaji maji na hewa tu ili ianze, lakini chumvi huiharakisha mno, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewani na kukiacha chuma kimelowa hata siku isiyo na mvua. Kwa hiyo chumvi ndiyo ya kuondolewa kwanza, kabla msasa haujaguswa.

Osha fremu nzima kwa sabuni na maji matamu. Hapa natahadharisha kwa dhati, maana nimewaona wengi wakikosea: visima vingi vya kisiwani hutoa maji ya chumvichumvi, na ukioshea hayo utakuwa unairudishia fremu kile kile unachotaka kukitoa. Tumia maji ya mvua uliyoyakinga, au ya mfereji baada ya kuyaonja kwa ncha ya ulimi.

Fungua magurudumu, cheni, pedeli na nguzo ya kiti, kisha pindua fremu juu chini. Maji ya kahawia yakichuruzika kutoka kwenye bomba la kiti, ujue kutu imo ndani, na hiyo ndiyo ya kuogopwa zaidi kuliko ile inayoonekana. Gonga mabomba kwa mpini wa bisibisi, hasa chini karibu na ekseli ya pedeli ambako maji hutuama. Chuma kizima hulia kwa ukali, kilicholiwa hulia kwa sauti butu. Palipo na shaka, bonyeza kwa ncha ya bisibisi. Pakibonyea au pakitoboka, usipake rangi wala usiipande baiskeli hiyo tena mpaka fundi hodari wa kuchomelea aikague, kwa kuwa bomba likikatika barabarani humwangusha mwendeshaji bila onyo.

Kutu ya juu juu huondolewa kwa brashi ya waya na msasa namba 80, kisha 120. Kingo za rangi iliyosalia zilainishwe kwa namba 240 hadi kidole kisihisi ngazi. Vaa barakoa, kwani rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Kutu iliyojificha katika vishimo ambavyo msasa haufiki, ifunge kwa kitambaa kilicholowa siki kwa saa kadhaa, isugue, halafu suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili asidi iishe nguvu, umalizie kwa maji matamu. Kausha papo hapo juani.

Chuma kilicho uchi hakingoji katika hewa yetu: kikilala bila kupakwa, asubuhi utakikuta kimeanza tena kuwa na wekundu. Kwa hiyo siku hiyo hiyo pangusa kwa thina, upake praima ya kuzuia kutu, ile nyekundu inayopakwa kwenye mageti, mikono miwili myepesi, ukifuata muda wa kukauka ulioandikwa kwenye mkebe, ndipo rangi ifuate. Miezi ya Januari na Februari, kaskazi inapovuma na mvua ni haba, ndiyo mizuri kwa kazi hii. Wakati wa masika unyevu hunaswa chini ya rangi.

Kabla ya kuunganisha vyombo, mimina oili safi ya injini ndani ya bomba la kiti, geuzageuza fremu ili isambae, kisha iache ichuruzike. Zibua kitundu kilicho chini ya ekseli ya pedeli, ikiwa fremu yako inacho, kwani ndicho njia ya maji kutoka, na upake grisi nguzo ya kiti kabla ya kuirudisha. Oili hiyo ya ndani irudiwe kila mwaka kabla ya masika.