Kutoka kisogo hadi paji la uso: kulea ubongo wa mwanao kwa zamu zake

Ubongo haukomai wote kwa pamoja. Kwa jumla zamu huanzia kisogoni, yaliko maeneo ya kuona, zikaja mbele hadi nyuma ya paji la uso, panapokaa uwezo wa kupanga, kungoja na kujizuia. Safari hiyo huchukua miaka 25 hivi. Makosa mengi ya malezi ni ya kukosea zamu: mtoto wa miaka 3 anadaiwa utulivu wa mtoto wa miaka 7, na kijana wa 16 anahesabiwa mtu mzima kwa kuwa ameota ndevu.

Mtoto mchanga huzaliwa na ubongo wa robo hivi ya uzito wa ubongo wa mtu mzima, ambao ni kama kilo 1.3 au 1.4. Afikapo miaka 6, karibu asilimia 90 ya ukubwa huo imeshapatikana. Baada ya hapo kazi kubwa ni ya ndani. Viunganishi vya seli huwa vimeota vingi kupita haja. Vinavyotumika hubaki, visivyotumika hupogolewa. Vinavyobaki huvikwa mafuta yaitwayo mayelini, na ujumbe ukapita kwa kasi zaidi.

Mimba na miaka miwili ya mwanzo

Mfereji unaogeuka kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga kufikia siku ya 28 baada ya mimba kutunga, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kama ni wajawazito. Ndiyo maana foliki asidi, vitamini inayousaidia mfereji huo kufunga vizuri, mikrogramu 400 kwa siku, yafaa ianze kabla ya mimba. Kidonge cha kliniki huwa nayo pamoja na miligramu 60 za madini ya chuma. Usikinywe na chai: chai huyashika madini yale yasiingie mwilini. Acha saa moja ipite, au kinywe na maji ya malimau, yanayosaidia chuma kufyonzwa. Chumvi nunua yenye iodini, ihifadhi kwenye mkebe wenye kifuniko, na uitie sufuriani mwishoni mwa mapishi. Papa, awe mbichi au mkavu, mjamzito amwache, kwani samaki wawindaji wakubwa hukusanya zebaki mwilini. Dagaa ni salama zaidi.

Baada ya kuzaliwa, tazama umanjano. Mkague mtoto kwenye mwanga wa mchana: weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Ukitokea ndani ya saa 24 za mwanzo, au ukifika viganjani na kwenye nyayo, ni hospitali saa ile ile. Kumwanika juani asubuhi si tiba; umanjano mkali huharibu ubongo moja kwa moja.

Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha chakula chenye chuma: maini yaliyopondwa, mbaazi, dagaa waliosagwa, mchicha na tone la limau. Chai ya maziwa na mahamri ni staftahi tamu ya mtu mzima, lakini kwa mtoto wa mwaka mmoja inajaza tumbo na kumnyima chuma. Upungufu wa chuma katika umri huu huenda ukaacha athari hata damu ikisharudi sawa.

Tusipitie haraka suala la madini ya risasi, maana Mombasa inalijua. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia sumu hiyo wakazi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kiwango salama cha risasi kwa mtoto hakijulikani kuwapo. Nyumbani inaweza kuingia kwa njia zisizotiliwa shaka: wanja wa manga unaopakwa macho ya mtoto mchanga, ambao mara nyingi huwa ni jiwe lenye risasi lililosagwa, nguo za kazi za fundi wa betri zinazofuliwa pamoja na nepi, risasi inayoyeyushwa uani ili kutengeneza chubwi za mishipi. Wanja acha. Nguo fua mbali. Kuyeyusha kufanyike mbali na nyumba. Ukishuku, omba kipimo cha damu. Kwa macho hutaiona.

Degedege ikimshika mtoto, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kidole kinywani, na tazama saa. Ikipita dakika 5, mkimbize hospitali. Hata ikikoma mapema, apimwe siku hiyo hiyo. Huenda ni malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo.

Lugha nayo ina dirisha lake. Mtoto wa miezi 6 husikia tofauti za sauti za lugha nyingi asizowahi kuzisikia. Afikapo mwaka, sikio limejikita kwenye za nyumbani. Ndipo mzawa wa Mvita akatofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi tu, na mgeni akaapa kwamba ni neno moja. Zungumza naye kwa kupokezana: akitoa sauti, mjibu, kisha nyamaza hadi utakapohesabu tano kimoyomoyo. Kosa la kawaida ni mzazi kujaza ule ukimya. Televisheni haingoji jibu; chini ya miaka 2 izimwe, na kuanzia 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku.

Asipogeuka kwa jina lake akiwa na miezi 9, asiponyoosha kidole kukuonyesha kitu kwa miezi 18, au asipounganisha maneno mawili kwa miezi 24, anza na kipimo cha masikio. Akiacha maneno aliyokuwa nayo, usingoje.

Miaka 3 hadi 7: jipimie mwenyewe

Chukua mkebe wa biskuti, utie malimau. Mwonyeshe mtoto, ufunge, kisha umwulize: "Bibi hajaona. Nikimwuliza humu mna nini, atasema nini?" Wa miaka 3 kwa kawaida hujibu "malimau". Kati ya 4 na 5 huanza kujibu "biskuti", kwa kuwa sasa anaelewa kuwa kichwa cha mwingine kina habari tofauti na chake. Kabla ya hapo, "uongo" wake mwingi si uongo. Mfanyie peke yake. Kaka yake akiwapo atamtajia.

Kipimo cha breki, yaani uwezo wa kujizuia: chora kadi 16, nane za jua na nane za mwezi. Akiona jua aseme "usiku", akiona mwezi aseme "mchana". Wa miaka 4 huanza vizuri, akachoka, akarudi kwenye jibu la kwanza linalomjia. Wa 7 hupita bila tabu. Akishindwa, si ukaidi. Kinachojenga breki hiyo ni michezo yenye kanuni na zamu: mdako, kibe, vitendawili ambamo lazima angoje "tega!"

Shule na chuo cha Qur'ani

Hapa kumbukumbu hupanuka. Mwalimu wa Qur'ani anayesisitiza muraja'a, yaani kudurusu yaliyohifadhiwa, anafuata kanuni ile ile iliyothibitishwa na watafiti wa kumbukumbu: rudia kwa kuacha nafasi, kwa mfano baada ya siku 1, kisha 3, kisha 7, na kila mara ajaribu kutoa kichwani kabla ya kutazama. Kusoma ukurasa mara kumi mfululizo humpa mtoto hisia ya kujua, si kujua. Na fimbo hutia hofu, na hofu hukalia nafasi ile ile finyu anayohitaji ili ashike somo.

Usingizi wa umri huu ni saa 9 hadi 12.

Balehe

Sehemu zinazotafuta raha na sifa za marafiki huwaka kabla breki haijakamilika. Kijana wa 16 akikaa peke yake, ametulia, hupima mambo karibu kama mtu mzima. Mweke na wenzake watatu maskani, hesabu hubadilika. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg walionyesha hilo kwa mchezo wa kuendesha gari: vijana walihatarisha zaidi wenzao walipokuwapo.

Kwa hiyo mapatano yafanyeni mapema, damu ikiwa baridi: saa ya kurudi, kutopanda bodaboda bila helmeti, na neno la siri atakalokutumia kwa simu ili umwite nyumbani naye asiaibike. Usimkemee mbele ya wenzake. Hapo hasikii wewe, anawasikia wao. Bangi na muguka (aina ya miraa) zipingwe kwa sababu hiyo hiyo ya ujenzi usiokamilika, na usilete vitisho asivyoviamini.

Saa ya mwili wake nayo husogea mbele, usingizi ukachelewa. Anahitaji saa 8 hadi 10. Anayeamka alfajiri saa kumi na moja awe amelala saa tatu usiku, simu ikichajiwa chumba kingine. Ikishindikana, alale dakika 20 baada ya adhuhuri, si baada ya alasiri.

Baada ya 25

Kasi ya kufikiri huanza kupungua taratibu, lakini msamiati huendelea kuongezeka hadi miaka ya sitini. Mtu mzima anayejifunza lugha asishindane na mtoto kwa sikio. Atumie daftari na marudio yale yale ya 1, 3, 7. Presha apime kila mwaka, maana ikikaa juu ya 140 kwa 90 huziba polepole vijishipa vinavyolisha ubongo, bila maumivu yoyote.