Kabla ya kuwasha rodi: mambo ya kukagua ili mshono usitoke na kasoro

Kasoro nyingi za mshono wa kuchomelea vyuma huwa zimeshaamuliwa kabla cheche ya kwanza haijaruka. Mshono ukiwa na vitundu, ukinasa slagi (takataka ya ganda la rodi lililoyeyuka) ndani au ukikaa juu ya chuma bila kushika, watu huulaumu mkono wa fundi. Ukifuatilia, mara nyingi utakuta rodi ilikuwa na unyevu, chuma kina chumvi, au ethi (klampu inayorudisha umeme kwenye mashine) imebanwa juu ya kutu. Unguja na Pemba, ambako mageti, grili na stendi za matangi ya maji hupigwa na upepo wa bahari mwaka mzima, kitundu kidogo hugeuka tundu la kutu haraka sana.

Anza na rodi. Wakati wa masika, pakiti iliyofunguliwa hunyonya unyevu wa hewani hata ikiwa ndani ya nyumba. Rodi ya namna hiyo huungua kwa kupasukapasuka, na mshono hutoka na vitundu. Ganda likishaanza kubanduka, au waya wa ndani ukionesha kutu, itupe. 6013, rodi ya kazi nyingi za mtaani, ikaushwe kwa nyuzi 100 hadi 120 za Selsiasi kwa saa moja, wala usizidishe, kwani ganda lake linahitaji unyevu kidogo ili arki (mwale wa umeme kati ya rodi na chuma) itulie. 7018, rodi ya hidrojeni kidogo, ni habari nyingine. Ikishika unyevu huhitaji takriban nyuzi 350 kwa saa moja au zaidi (fuata maelezo ya pakiti), na ikitoka kwenye joto isikae wazi zaidi ya saa 4. Hidrojeni inayotokana na unyevu huingia kwenye chuma cha moto na kuleta ufa unaoweza kujitokeza kesho yake au keshokutwa, geti likiwa limeshafungwa kwa mteja. Kama huna oveni inayofika joto hilo, nunua pakiti ndogo na ifunguliwe siku ya kazi. Rodi zinazobaki zitiwe kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, juu ya mbao, si kwenye sakafu ya saruji.

Chuma chenyewe kinataka subira. Kilichokaa karibu na pwani kioshwe kwanza kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa brashi, kikaushwe, ndipo upitishe grainda. Ukisugua kutu kavu bila kuosha, chumvi hubaki ndani ya mashimo madogo. Safisha hadi chuma king'ae, milimita 25 kila upande wa mshono. Rangi na mafuta navyo viondoke. Paipu yenye zinki iondolewe zinki kwa upana huohuo: zinki huchemka kwenye nyuzi 907 hivi, mapema sana kabla chuma hakijayeyuka, na mvuke wake hutoboa mshono. Mvuke huo pia huleta homa na baridi usiku, kwa hiyo fanya kazi mahali pa wazi, upepo ukupitie ubavuni, na uvae barakoa ya moshi wa metali.

Kingo zipimwe. Bamba la hadi milimita 3 linaweza kugusanishwa tu. Likizidi hapo acha nafasi ya milimita 2 hadi 3, na kuanzia milimita 6 chonga kila ukingo kwa nyuzi 30.

Klampu ya ethi ibane chuma cheupe, karibu na kazi. Ekstensheni ndefu na nyembamba hupunguza umeme: namba kwenye mashine haibadiliki, ila rodi inang'ang'ania. Kagua hayo kabla ya kuongeza ampea. Rodi ya milimita 2.5 huanzia ampea 60 hadi 90, ya 3.2 ni 90 hadi 130. Ukitumia 7018 kwa mashine ya DC (umeme wa mwelekeo mmoja), rodi iwe upande wa chanya. Skwea paipu ya milimita 1.2 au 1.5 hutoboka upesi, kwa hiyo tumia rodi ya 2.0 kwa ampea 40 hadi 60, ushikize kwanza kwa vidoti vya kupokezana pande.

Sasa jaribu, na hapa usione uvivu. Chukua vipande viwili vya unene uleule, visimamishe kama herufi T, choma upande mmoja tu, urefu wa milimita 50. Arki iwe fupi, sawa na unene wa waya wa rodi, na rodi iinamie unakotembelea… kiasi cha nyuzi 10 hadi 15. Kikipoa, gonga slagi, bana kwenye jiliwa, kipige nyundo kuelekea upande wenye mshono mpaka kivunjike au kilale. Tazama pembe ya ndani. Mstari mweusi wa slagi unamaanisha ampea ni ndogo, au slagi imetangulia mbele ya arki. Vitundu vya mviringo ni unyevu au uchafu. Mfereji pembeni mwa mshono ni ampea kubwa, arki ndefu au mwendo wa haraka. Rekebisha jambo moja, choma tena, linganisha.

Rangi yenye zinki nayo iwe tayari kabla ya kuanza, kwani sehemu ulizoondoa zinki hazina tena kinga. Slagi yote ikishatoka, piga brashi ya waya, futa vumbi na upake siku ileile, kabla ya umande wa usiku.