Nyumba ya Zamani Moshi: Namna ya Kuiombea Ulinzi wa Serikali

Mimi ni fundi mwashi hapa Moshi, na kuta za mawe ndiyo kazi yangu. Kila ninapopanda ngazi kwenye nyumba ya zamani, mtu huniambia: "Fundi, hii ya Mjerumani, serikali si inailinda?" Hailindi. Kwa kuamini hivyo tunapoteza majengo mengi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayakinga moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Moshi na Arusha hatumo humo. Boma la Arusha ni la mwaka 1900 hivi. Reli imefika Moshi 1911. Jengo la huku linalindwa pale Waziri anapolitangaza rasmi na tangazo likatoka kwenye Gazeti la Serikali. Kabla ya hapo, mwenye kibali cha kubomoa anabomoa. Mlango ni suala jingine: mlango au fremu ya mbao iliyochongwa nchini kabla ya 1940, kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki, imeshakingwa na sheria hiyohiyo. Akija mtu kuwanunulieni mlango wa babu, mwulizeni kibali kwanza.

Anza na mwenye nyumba. Mweleze kwamba nyumba inabaki yake, ila hataweza kubomoa wala kubadilisha bila ruhusa ya maandishi ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale. Mwambie yote mawili, usimfiche la pili. Kama ni nyumba ya ukoo, wakae kikao na wasaini wote, hata yule aliyeko Dar.

Halafu tengeneza faili, na hapa usiwe na haraka. Pima kila chumba kwa futi kamba, na unene wa ukuta upimie mlangoni, ambako unaona kingo zote mbili. Piga picha pande zote nne, kisha dirisha moja moja. Mahali pasipoonekana, kwangua plasta kwa kisu: chokaa ya zamani inamomonyoka kama unga, saruji inakataa. Andika ni ukuta upi una chokaa na upi umeshapigwa saruji. Kama paa ni la vigae, geuza kimoja usome chapa. Vigae vya Basel Mission kutoka Mangalore, India, vingine vimeandikwa 1865. Huo ni mwaka kiwanda kilipoanza, kwa hiyo usiuandike kuwa mwaka wa nyumba. Nimeona watu wazima wakibishana kwa ajili yake.

Umri wa kweli utafute kwenye hati ya kiwanja, ofisi ya ardhi, na Nyaraka za Taifa kule Dar es Salaam, ambako kuna majalada ya enzi za Wajerumani. Wazee nao waulize, lakini usimwulize mzee mwaka. Mwulize: "Shikamoo babu, Mwenge ulipopandishwa mlimani wakati wa Uhuru, humu alikuwa akikaa nani?" Hapo atakutajia mpaka mwenye duka na alichokuwa akiuza.

Ukurasa wa maana kuliko yote ni ule unaoeleza kilichotokea ndani ya jengo. Nenda Kaloleni, Arusha, ukaone Makumbusho ya Azimio. Ni ukumbi mdogo, hauna nakshi ya kutisha. Unatunzwa kwa sababu Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa humo Januari 1967 ikapitisha Azimio la Arusha. Nyumba yako nayo iandikie hivyo: nani, lini, walifanya nini.

Faili likikamilika, pitia serikali ya mtaa, upate muhtasari wa kikao wenye muhuri. Kisha nenda kwa afisa utamaduni na afisa mipango miji wa halmashauri. Huyu wa pili usimruke, maana ndiko maombi ya vibali vya ujenzi yanakopita. Barua mwandikie Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii, na kwenye YAH taja jengo, mtaa na namba ya kiwanja. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Bila muhuri huo, ukirudi kufuatilia utaambiwa barua haijaonekana, na huna cha kuonyesha.

Majibu hayaji upesi, na nyumba inaendelea kunyeshewa. Wakati unasubiri, zuia maji: safisha mifereji, badilisha vigae vilivyopasuka kabla ya masika ya Machi, kata miti iliyoota ukutani. Na tafadhali sana, ukuta wa chokaa usiupige plasta ya saruji. Saruji inafungia unyevu ndani, chokaa inayoshika mawe inalainika, na ukuta unavimba tumbo. Nyufa ndogo zizibe kwa chokaa na mchanga. Ukikosa fundi anayejua kuichanganya, ufa uache ulivyo mpaka umpate.