Kabla hujajaza brashi, fonti na plagini kwenye GIMP ya Linux, weka haya sawa kwanza

GIMP ni programu ya kuchora na kuhariri picha, na plagini ni programu ndogo ya kuiongezea uwezo. Kabla hujashusha hata faili moja fungua GIMP, nenda Help halafu About, usome namba ya toleo. Usiruke hapo. Toleo la 2.8 lilikuwa linaweka vitu vyako kwenye ~/.gimp-2.8, lilipokuja la 2.10 mwaka 2018 vikahamia ~/.config/GIMP/2.10, na 3.0 iliyotoka Machi 2025 ina folda yake nyingine, ~/.config/GIMP/3.0. Sasa mtu anakuta maelekezo ya miaka ile, anaunda folda kwa mkono wake kama alivyoambiwa, anatupia brashi humo, anafungua programu haoni kitu, anaanza kusema brashi mbovu. Brashi haina shida yoyote, ipo tu kwenye folda ambayo GIMP yake haiangalii kabisa. Na ukihama toleo, ile mpya ikifunguliwa mara ya kwanza inakunakilia vitu kutoka folda ya zamani, kwa hiyo kuanzia hapo una nakala mbili zisizojuana, utakachoongeza huku hakionekani kule.

La pili, jua uliiinstoli vipi. Ya kwenye apt au dnf (ya disto yako, yaani aina ya Linux unayotumia), ya Flatpak na ya Snap (programu iliyofungwa pamoja na maktaba zake) si lazima zitumie folda moja, ya Snap kwa mfano vitu vyake vinakaa ndani ya ~/snap. Kuna watu wana GIMP mbili kwenye kompyuta moja na hawajui, aikoni zinafanana, leo anafungua hii kesho anafungua ile, brashi leo zipo kesho hazipo. Ukiwa nazo mbili toa moja.

Na usikisie njia ya folda, hata mimi nikikutajia usiniamini, iulize GIMP yenyewe. Edit, Preferences, shuka chini kabisa mpaka Folders, bonyeza kale kamshale ka pembeni orodha ifunguke, chagua Brushes. Utaona kwa kawaida mistari miwili, mmoja unaanzia kwenye home yako, yaani folda yako binafsi, na mwingine uko /usr/share. Tumia wa home. Ule wa /usr ni wa mfumo, achana nao, apdeti ikija inaweza kubadilisha kila kitu kilichomo, na ili uandike mle utahitaji sudo, yaani kuendesha amri kwa mamlaka ya root, msimamizi wa mfumo, na sudo ndo mwanzo wa matatizo mengine. Ukinakili mafaili kwa sudo yanakuwa mali ya root hata kama yako ndani ya home yako, na ukishaiwasha GIMP yenyewe kwa sudo unaweza kukuta siku ya pili inakataa kusevu settings, haikumbuki madirisha yalikaa wapi, na haikwambii kwa nini. Kama tayari umefika huko, sudo chown -R $USER: ~/.config/GIMP itakurudishia umiliki. Lakini kwa kweli hakuna brashi wala fonti duniani inayohitaji sudo ili uitumie wewe mwenyewe.

Folda zinazoanza na nukta zimefichwa, bonyeza Ctrl+H kwenye kidirisha cha mafaili zionekane.

Zipu ifungue kwanza. Nasema kwa sababu watu wanaweka zipu nzima kwenye folda ya brashi wakisubiri.

Aina za mafaili nazo zijue kidogo: brashi za GIMP ni .gbr, za mfululizo wa picha ni .gih, na zile za umbo unalorekebisha mwenyewe ni .vbr, ruwaza ni .pat, gredienti ni .ggr, paleti ni .gpl. Kila moja na folda yake, brashi ikiingia kwenye folda ya patterns haitaonekana na hakuna atakayekuonya. Brashi za Photoshop, .abr, GIMP inazisoma, ila inachochukua ni ile picha ya alama tu, zile tabia za kunenepa na kufifia kufuatana na mkandamizo wa kalamu haziji nazo, hizo utazipanga upya kwenye dynamics, sehemu ya GIMP inayopanga brashi ibadilike vipi unapochora. Kwa hiyo ukinunua seti ya .abr kwa sababu ya video ya matangazo iliyoonyesha mtu anachora majani ya ajabu, ujue utapata umbo la jani, mwendo wa jani utautengeneza mwenyewe.

Fonti weka ~/.local/share/fonts, programu zote zitaziona, siyo GIMP peke yake. Kisha terminali, fc-cache -f, halafu fc-list ukitaka kuhakikisha imesajiliwa. Usimwage fonti elfu moja kwa siku moja, zinachelewesha kuwaka, na ikitokea moja imeharibika kuitafuta kati ya elfu ni kazi ya kutwa nzima. Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii, faili la .xcf halibebi fonti ndani yake. Ukimtumia mwenzako kazi ana kompyuta yake bila fonti hiyo, ile leya ya maandishi akiigusa tu kuhariri herufi zinabadilika, na mistari yote uliyoipima inakaa vingine. Tuma fonti pamoja na faili kama leseni inaruhusu, au mtumie na nakala ambayo maandishi yameshageuzwa kuwa picha ajue yalitakiwa yakae vipi.

Sasa hapa ndo nataka ukae vizuri usome, kwa sababu haya mengine yote ukikosea unarekebisha, hili halirekebishiki. VITU VYAKO VISIKAE NDANI YA FOLDA YA SETTINGS ZA GIMP.

Kuna dada mmoja namfahamu anafanya kazi ya kudizaini, kadi, mabango, majalada ya vitabu. Brashi zake za muhimu hakuzishusha popote, alizitengeneza mwenyewe. Alikuwa anapaka wino na rangi ya maji kwenye karatasi, mipako ya brashi kavu, madoa, michirizi, anaskani, anakaa kusafisha vumbi na nyuzi za karatasi mojamoja, anaigeuza picha kuwa ya kijivu, anapunguza ukubwa, anarekebisha ile nafasi ya kurudia alama ili mstari usikatike, anasevu .gbr. Brashi moja ilikuwa inaweza kumla jioni nzima. Na alizisevu palepale GIMP ilipomwelekeza, kwenye folda ya brushes ndani ya .config, kama wanavyofanya watu wengi na kama maelekezo mengi yanavyosema.

Ikafika siku GIMP ikawa inawaka inafika katikati ya kupakia vitu inajifunga. Ana kazi ya kukabidhi, amechanganyikiwa, akaomba msaada. Akajibiwa na mtu mwenye nia njema kabisa, na ushauri wenyewe ukiuangalia si wa uongo, kwamba futa folda ya settings GIMP itajitengenezea mpya. Amri fupi tu, rm -rf ~/.config/GIMP. Akaibandika kwenye terminali, Enter. GIMP ikawaka safi, haraka, haina kosa hata moja, akamshukuru yule mtu. Halafu akafungua kidirisha cha brashi akakuta zile za kiwandani peke yake.

Alivyonipigia alikuwa bado anaamini zipo mahali. Nikamuuliza trash, hazimo, rm haipeleki kitu trash, inafuta moja kwa moja. Nikamuuliza bakap, akasema ninayo na kweli alikuwa nayo, kila wiki anachomeka diski ya nje ananakili Documents na Pictures, mtu makini kabisa. Ila .config imefichwa, na yeye alikuwa anachagua folda anazoziona kwa macho, kwa hiyo miaka yote ile brashi hazikuwahi kuingia kwenye ile diski hata siku moja. Tukajaribu programu za kurudisha mafaili, lakini diski yake ni SSD na mfumo ulikuwa umewashwa TRIM, yaani ukishafuta, diski inaambiwa sehemu hizo ziko huru na yenyewe inazisafisha, hatukupata kitu cha maana. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba alikuwa katikati ya majalada ya vitabu vya mfululizo mmoja, matatu yameshachapwa na michirizi ileile, na mteja anataka la nne lifanane nayo. Alirudi kwenye karatasi zile alizokuwa bado hajazitupa, akaskani upya, zikatoka zinakaribiana tu. Na baadaye ikajulikana kilichokuwa kinaiangusha GIMP ni plagini moja aliyoiongeza juzijuzi. Ilitosha kuitoa hiyo.

Basi fanya hivi, leo, kabla hujaongeza kingine. Unda folda yako ya wazi isiyoanza na nukta, mfano ~/Rasilimali, ndani yake brashi, ruwaza, gredienti, paleti. Rudi kule Preferences, Folders, Brushes, bonyeza kitufe cha kuongeza, ielekeze kwenye ~/Rasilimali/brashi, na kwenye safu ya Writable weka tiki kama unataka brashi mpya unazotengeneza zisevike humo. Rudia kwa kila aina. Kuanzia hapo GIMP inasoma kwako, wewe ndo mwenye vitu. Ukihama toleo unaielekeza tu, ukitumia GIMP ya Flatpak kesho unaielekeza tu, na bakap yako ya kawaida inazibeba kwa sababu folda inaonekana. Ndani ya folda ya brashi unaweza kupanga vijifolda, wino, majani, vumbi, na GIMP inayachukua majina hayo kama tagi, kwa hiyo hata kuzitafuta inakuwa rahisi. Ila ujue njia hizi zinaandikwa kwenye gimprc, faili la settings ambalo liko ndani ya .config, kwa hiyo settings zikifutwa itabidi uielekeze tena, dakika chache, mafaili yenyewe hayajaguswa. Tagi ulizoandika kwa mkono ziko kwenye tags.xml humohumo, inakili na hiyo.

Na siku GIMP ikigoma kuwaka usianze na rm. Anza na gimp --no-data, hapo inawaka bila kupakia brashi, ruwaza na wenzake, ikiwaka basi mkosaji yuko humo. Kisha gimp --no-fonts. Kisha gimp --verbose uone inakwama ikisoma nini. Ukilazimika kuanza upya basi hamisha, mv ~/.config/GIMP ~/.config/GIMP-ya-zamani, matokeo ni yaleyale kwa GIMP lakini wewe bado una kila kitu. Mtu akikuandikia amri yenye rm -rf simama, fungua hiyo folda kwa macho yako uone kilichomo.

Plagini ni jambo jingine kabisa. Brashi ni data, plagini ni programu inayoendeshwa kwa ruhusa zako, inaweza kusoma na kufuta chochote unachoweza kufuta wewe, kwa hiyo angalia imetoka wapi na nani anaitunza. Ikija na skripti ya kuinstoli inayoomba nywila ya sudo ili kuongeza efekti ya picha, achana nayo. Zilizoandikwa kwa ajili ya 2.10 usitegemee zifanye kazi 3.0, API, yaani namna plagini inavyozungumza na GIMP, imebadilika, na zile za Python za 2.10 ziliandikwa kwa Python 2 ambayo iliachwa kutunzwa Januari 2020 na disto nyingi zimeshaiondoa. Kwenye 3.0 kila plagini lazima ikae kwenye kijifolda chenye jina lake, yaani plug-ins/kivuli/kivuli.py, na faili liwe na ruhusa ya kuendeshwa, chmod +x. Ruhusa hiyo ndo inayopotea mara nyingi, faili limepita kwenye fleshi ya FAT au zipu likafika bila ruhusa, menyu haionekani na hakuna ujumbe wa kosa. Ukiongeza plagini funga GIMP uwashe upya, brashi zenyewe zinatosha kile kitufe cha kurefreshi. Kama uko kwenye Flatpak na plagini unayoitaka ipo Flathub, ghala la Flatpak, mfano G'MIC au Resynthesizer, ichukue hukohuko, kwa sababu GIMP ya Flatpak inatumia Python na maktaba zilizomo ndani yake, haitumii za mfumo wako, hivyo kile ulichoinstoli nje kwa pip, amri ya kuinstoli maktaba za Python, hakiioni.

Ongeza kidogokidogo. Seti moja, washa, chora kidogo, seti nyingine. Yule anayemwaga seti hamsini usiku mmoja ndo anayeshindwa kujua ipi imeleta tatizo.

Leseni soma kabla ya kazi ya mteja, fonti nyingi za bure ni za matumizi binafsi tu, na hilo limeandikwa kwenye kale kafaili ka .txt ambako kila mtu anakafuta. Kaache kwenye folda pamoja na fonti, usikatenganishe. Wanaotumia Krita, programu nyingine ya kuchora, vitu vyao viko ~/.local/share/krita na tangu 5.0 kuna hifadhidata inayovifuatilia, kwa hiyo ingiza bundle (furushi la brashi na wenzake) kupitia Manage Resource Libraries badala ya kuburuta mafaili ovyoovyo. Inkscape, ile ya michoro ya vekta, angalia ~/.config/inkscape, nayo imefichwa, nayo watu hawaibakapu. Na kabla ya kuapdeti disto nzima nakili hizo folda zote kwenye diski ya nje, kisha ichomeke kwenye kompyuta nyingine ufungue brashi moja uhakikishe kweli inafunguka.